Kawia Ufike: Safari ya Pesa ya Simu hadi Masisi na Walikale

Watu wa Walikale, mashariki ya Kongo, waliovuka miaka arobaini wanaikumbuka foni. Ilikuwa redio ya mawimbi mafupi iliyokaa juu ya meza ya mbao, ikila umeme wa betri ya gari, na waya wa antena yake umetandazwa kati ya miti miwili nyuma ya nyumba. Parokia zilikuwa nayo, vituo vya afya vilikuwa nayo. Katika miaka ya 1990, simu za serikali ya Zaire zilipokuwa zimekufa na benki za mikoani zimefunga milango moja baada ya nyingine, wafanyabiashara nao waliishika. Mtu wa Goma aliyetaka ndugu yake wa Walikale apate pesa alimlipa mfanyabiashara mjini. Mfanyabiashara akaita kwa foni, na mwenzake kule msituni akatoa pesa kwenye sanduku lake mwenyewe. Noti hazikusafiri. Kilichosafiri ni neno.

Neno hilo lilikwenda taratibu. Opereta hakusema "mia mbili na hamsini". Alisema mbili, akasema tano, akasema sifuri, kisha akanyamaza. Upande wa pili ukazirudia tarakimu zote, naye akajibu kwamba ni hizo. Jina la mpokeaji lilipitia njia hiyo hiyo, herufi kwa herufi. Radi ikipiga juu ya msitu na sauti kumezwa na mkwaruzo, walianza upya tangu mwanzo. Agizo moja liliweza kula robo saa, na nyuma ya opereta watu wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu. Lakini kila upande ulikuwa na daftari lake, na jioni ilipofika madaftari yote mawili yalisema jambo moja.

Naanza na foni kwa sababu swali lake ndilo linalowakabili watengenezaji wa programu za biashara hadi leo: tutoe kasi kiasi gani ili tupate uthabiti? Opereta wa Walikale alikuwa na jibu lake. Alijua kwamba kosa la tarakimu moja lingegharimu zaidi ya robo saa, kwa hiyo alilipa robo saa. Wahandisi waliokuja baadaye, wenye mitambo yenye nguvu mara maelfu kuliko ile redio, walilazimika kujibu swali hilo upya, na majibu yao yamefika mpaka Masisi na Walikale, mara nyingine kwa faida, mara nyingine kwa hasara ya watu ambao hawakuulizwa.

Simu za mkononi zilikuwapo Kinshasa tangu miaka ya 1980 kupitia kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare, lakini zilikuwa za wakubwa na matajiri. Simu ya mtu wa kawaida ilikuja na karne mpya. Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim mwaka 1998, iliingia Kongo, na mwaka 2002 ikafuata Vodacom Congo, ubia kati ya Vodacom ya Afrika Kusini na kampuni ya Alieu Conteh, mfanyabiashara mzaliwa wa Gambia. Conteh ndiye ambaye wakati wa vita, mafundi wa nje walipokataa kuja kumsimamishia mnara, alikusanya vyuma chakavu akawapa wachomeleaji wa hapo hapo wauunge. Mwaka huo huo wa 2002 wachimbaji walianza kumiminika Bisie, mlima wa kasiteriti ndani ya msitu wa Walikale. Mzigo wa kilo 50 ulibebwa mgongoni mwendo wa siku mbili hadi kutoka barabarani, kisha ndege ndogo za mizigo zikatua Kilambo, juu ya lami ya barabara kuu, magari yakiwa yamesimamishwa pande zote mbili. Mali ya mamilioni ya dola ilikuwa inapita mahali ambapo hapakuwa na benki hata moja.

Watu wengi hudhani pesa ya simu ilitufikia kutoka Kenya. Kwa kweli Kongo ilikuwa imeijaribu kabla M-Pesa ya Kenya haijafunguliwa rasmi. Celpay, kampuni iliyoanzia Zambia mwaka 2002 ndani ya ukoo wa Celtel, ilipewa kazi ya kuwalipa askari waliorudisha silaha chini ya CONADER, tume ya serikali iliyoundwa Desemba 2003. Askari aliyerudi uraiani alipewa dola 110 za njia na mahitaji ya mwanzo, kisha dola 25 kila mwezi kwa miezi 12. Nchi nzima watu hao walizidi 100,000, wengi wakiwa vijijini ambako gari la benki lisingethubutu kwenda. Malipo yaliidhinishwa kwa simu na kutolewa taslimu na mlipaji aliyekuwa karibu na mnara. Hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo kila mwenye kabini (wakala wa pesa ya simu) wa Masisi analijua leo: mashine huidhinisha kwa sekunde chache, lakini noti huletwa kwa pikipiki au kwa ndege, na mlipaji asipokuwa na makuta, yaani pesa mkononi, kasi ya mashine haimsaidii mtu.

Kenya ilichukua njia nyingine. Oktoba 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakisaidiwa na fedha za idara ya maendeleo ya Uingereza, walianza jaribio la M-Pesa pamoja na kampuni ya simu ya Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Wateja hawakufika 500, wakiwa Nairobi na Thika, na programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge. Nia ya kwanza ilikuwa kuwawezesha wakopaji kurejesha mikopo kwa simu. Mambo yakawa magumu upande wa hesabu. Mfumo wa simu ulitoa taarifa papo hapo, huku ofisi ya mikopo ikifanya kazi kwa mkono na kwa makundi, na vitabu viwili vikakataa kulingana. Wakati huo huo wateja walianza kuitumia huduma kwa njia ambazo hakuna aliyewafundisha: kumtumia mama nyumbani, kulipana dukani, kuweka pesa kabla ya safari na kuitoa wakishafika.

Uamuzi uliofuata ni miongoni mwa maamuzi mazuri zaidi katika historia ya programu za Afrika Mashariki. Waliondoa. Mambo ya mikopo yalitupwa nje, ikabaki kuweka, kutuma, kutoa na kununua muda wa maongezi. Kila kipengele kinachoongezwa katika programu ni mlango mmoja zaidi wa hitilafu, na wao walifunga milango mingi kabla ya kuwakaribisha watu. M-Pesa ilifunguliwa rasmi Machi 2007.

Uamuzi wa pili hauonekani kwa macho, na ndio unaoigusa Masisi moja kwa moja. Menyu ya M-Pesa ya Kenya iliwekwa ndani ya kadi ya simu yenyewe, ndiyo maana wateja walilazimika kubadilishiwa kadi. Mtu alijaza namba, kiasi na neno la siri bila kuuomba mtandao kitu chochote. Alipobonyeza kutuma, mesaji moja tu iliyofungwa kwa siri ilitoka kwenye simu. Jibu nalo lilirudi kama mesaji. Na mesaji ina tabia moja ya kustahiwa: ikimkosa mwenyewe, hungoja. Hukaa katika kituo cha mesaji mpaka simu iwashwe au irudi penye rezo, yaani mtandao, kisha huingia. Ni kama barua iliyoachwa kwa mwenye duka, kwamba fulani akipita mpe.

Njia ya pili ni ile ya kupiga nyota na reli. Hiyo haihitaji kadi mpya, hufanya kazi kwenye simu yoyote, na rezo ikiwa nzuri inakwenda haraka kuliko mesaji. Vodacom Tanzania iliichagua kwa M-Pesa yake mwaka 2008. Lakini inadai kamba iliyoshikwa pande mbili muda wote. Kila hatua ya menyu huenda kwenye mtambo na kurudi, na mtu akikawia kusoma, au wingu likipita, kamba hukatika. Ikikatika katika hatua ya pili, hakuna neno, mtu anaanza tena. Ikikatika baada ya neno la siri, hapo pana shida: pesa imekwenda au haijakwenda?

Mesaji nayo ilikuwa na gharama yake. Wateja wa M-Pesa Kenya walizidi milioni 2 kufikia Machi 2008, na mwaka mmoja baadaye walizidi milioni 6. Mitambo ilikaa Ujerumani, na katika miaka ya mwanzo mawasiliano ya Kenya na ng'ambo yalipita kwa setilaiti, maana nyaya za chini ya bahari zilifika pwani mwaka 2009. Mtu wa Kisumu aliyemtumia jirani yake shilingi 500 aliipeleka habari hiyo Ulaya na kurudi. Mwisho wa mwezi, mishahara ilipoingia, foleni ilijaa na mesaji zikachelewa. Watu walilalamika, na walikuwa na haki. Hata hivyo kwa kawaida pesa haikupotea njiani, na imani ya Wakenya ilijengwa juu ya jambo hilo. Desemba 2008 Kaimu Waziri wa Fedha John Michuki alipoagiza huduma ichunguzwe, hapakuonekana sababu ya kuizuia, na biashara ikaendelea.

Aprili 2015 Safaricom ilihamisha kila kitu kutoka Ujerumani hadi mitambo ya Kenya, kwenye mfumo mpya uliotengenezwa na Huawei ya Shenzhen. Wafanyakazi waliohusika walihamisha akaunti za mamilioni ya watu huku biashara ikiendelea, na mtu yeyote aliyewahi kuhamisha daftari la duka moja kwenda daftari jingine anaelewa hofu iliyokuwamo. Kasi iliongezeka sana. Lakini kadiri huduma ilivyokuwa kubwa, ndivyo kosa moja lilivyoumiza wengi. Tarehe 24 Aprili 2017 mtandao wa Safaricom ulianguka kwa saa kadhaa, na nchi ikagundua kwamba imeweka mayai yake mengi katika kikapu kimoja.

M-Pesa ilivuka kuja Kongo Novemba 2012 kupitia Vodacom, mwaka mmoja baada ya Benki Kuu ya Kongo kuweka kanuni za pesa ya kielektroniki. Ilikuja kwa njia ya nyota na reli: *1122#. Na hapa Kongo menyu ilipata hatua ambayo Kenya haikuwa nayo, kwa kuwa sisi tunaishi na sarafu mbili. Lazima mtu achague dola au franka kabla hajaendelea. Katika mji wenye rezo hiyo ni sekunde moja. Juu ya milima ya Masisi ni safari moja zaidi ya kwenda mtamboni na kurudi, na kila safari ni nafasi moja zaidi ya kamba kukatika.

Wenye kampuni walikuwa na sababu za kuchagua hivyo. Kubadilisha kadi za watu waliotawanyika katika nchi kubwa kiasi hiki, yenye barabara hizi tunazozijua, kungechukua miaka. Njia waliyochagua iliwafikia watu haraka, na mimi nisingependa huduma ile ingoje. Lakini gharama ilisukumwa chini, hadi kwenye meza ya wakala, na hilo lilipaswa kusemwa wazi tangu siku ya kwanza.

Panda kutoka Sake kwenda Mushaki, pita Katale, fika Masisi-centre. Mnara unasimama juu ya kilima, ukila mazuti au jua. Barabara ikifungwa na vita, mazuti hayapandi na mnara unanyamaza, nao mabonde matatu yananyamaza pamoja nao. Ukishuka upande wa Walikale, kwenye msitu, watu wanajua kwa hatua kamili mahali penye rezo: kisiki fulani, kona fulani ya uwanja wa shule, na hapo utawakuta wamesimama na simu juu kama wanaoonyesha kitu angani.

Siku ya soko, mama analeta jibini. Jibini la Masisi, fromaji kama wenyewe wanavyoliita, ni duara la manjano la maziwa ya ng'ombe wa malisho ya juu, na Goma nzima inalijua. Mnunuzi yuko mjini. Mzigo umekwisha kushuka kwa pikipiki. Malipo yanakuja kwa simu. Mama anamwonyesha mwenye kabini simu yake, akisema pesa imefika. Kijana chini ya mwavuli haichukui simu ile. Anamwelekeza namna ya kutoa pesa, wanabonyeza pamoja, dola au franka, kiasi, neno la siri, kisha kioo kinakuwa cheupe. Hakuna jibu. Kijana anasema kwa upole, "Mama, ngoja kwanza mesaji iingie." Mama anakaa kwenye benchi. Mara nyingine ni dakika mbili, mara nyingine ni saa mbili, na pikipiki za kurudi kijijini hazingoji.

Mbele ya kijana kuna daftari la shule lenye mistari iliyochorwa kwa rula: tarehe, namba, kiasi, sarafu, namba ya muamala, saini. Mesaji inapoingia halipi bado. Anafungua salio lake mwenyewe kwanza, kwa kuwa matapeli wamejifunza kutunga mesaji zinazofanana na za kweli. Salio likikubaliana na mesaji, anaandika, anaisoma namba ya muamala kwa sauti, tarakimu moja moja, mama anaifuata kwenye kioo chake, kisha pesa inahesabiwa. Nikiwaangalia wawili hao naiona foni ya Walikale. Vijana hawa hawakuikuta, lakini kazi ya opereta wameirudisha kwa mikono yao, kwa sababu programu iliyo mbele yao inakimbia mahali ambapo ingepaswa kusubiri.

Elimu ya kompyuta ina maelezo ya hali hii. Mwaka 2000 Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa dai ambalo Seth Gilbert na Nancy Lynch wa MIT walilithibitisha kwa hesabu mwaka 2002. Kwa maneno ya kwetu ni hivi: mtandao ukikatika katikati, mfumo wenye madaftari pande zote mbili hauwezi kutimiza mambo mawili kwa pamoja. Ama uendelee kumhudumia kila anayekuja, na madaftari yaweze kutofautiana; ama ulinde madaftari yawe kitu kimoja, na watu wengine waambiwe wangoje. Kampuni ya Amazon ilieleza mwaka 2007 kwamba kwa kikapu cha manunuzi ilichagua kumhudumia mteja daima. Bidhaa ikijirudia kikapuni, mtu ataiondoa. Pesa si kikapu. Dola 20 zikijirudia upande mmoja, kuna mtu amezipoteza upande mwingine. Ndiyo maana mfumo wa pesa unapokosa uhakika unapaswa kukataa, na wenye M-Pesa walifanya vyema kuchagua hivyo ndani ya mitambo yao.

Ninacholaumu ni ukimya. Mfumo unajua kwamba muamala uko njiani, mama hajui. Kioo cheupe humfanya mtu abonyeze mara ya pili, na mara ya pili ndiyo inayozaa malipo mawili, ugomvi, na siku nzima ya kumtafuta mhudumu wa kampuni kwa simu isiyo na mayunite. Ipo mifumo inayokataa kiasi kile kile kwa namba ile ile ndani ya muda mfupi. Hiyo ni breki ndogo inayompunguzia kasi mtu mmoja kati ya wengi ili iwalinde wote, na kila programu ya pesa ingepaswa kuwa nayo.

Mapema mwaka 2025 haya yote yalipimwa kwa uzito ambao hakuna mhandisi angeuomba. Mapigano yalipita Masisi, Sake ikaanguka, na mwisho wa Januari waasi wa M23 wakaingia Goma. Benki za Goma zilifunga, na hazikufunguka wiki iliyofuata wala mwezi uliofuata. Machi vita vikafika Walikale-centre. Mishahara, msaada wa jamaa walio ng'ambo, malipo ya unga na ya dawa, vyote viliegemea simu. Programu haikuanguka. Noti ndizo zilizokosekana. Mawakala waliokuwa na pesa taslimu walitoza juu ya bei ya kawaida, na mtu mwenye dola 100 kwenye simu aliweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Ilikuwa hali ile ile ya askari wa CONADER miaka ishirini kabla: idhini ipo, makuta hayapo. Safari hii, hata hivyo, mtu angeweza kumlipa muuza unga moja kwa moja kwa simu, bila noti, na wengi walianza kufanya hivyo kwa lazima. Kila malipo ya namna hiyo yaliongeza uzito juu ya mesaji ile ya uthibitisho. Muuza unga hatoi gunia kwa kioo cheupe.

Nairobi bado inakimbia. Vijana wa Goma, Bukavu na Kinshasa nao wanaandika programu zao za malipo, nami nawaombea mafanikio, maana wanaijua nchi hii kuliko mtu wa Cambridge au wa Shenzhen. Ombi langu kwao ni dogo. Kabla hujamwita mwekezaji aone jinsi programu yako inavyojibu upesi, ichukue katika simu ya bei ndogo, upande nayo hadi Nyabiondo, kule Masisi, siku ya mvua, uizime katikati ya muamala, kisha uiwashe. Angalia inakwambia nini. Kama haisemi kitu, rudi mezani uandike sentensi moja ya Kiswahili itakayomfikia mama pale kwenye benchi: pesa yako iko njiani, usibonyeze tena.